Maswali na majibu: Mafuta ya alizeti hutengenezwa na nani?

Maswali ya safari hii yote yamezunguka alizeti. Nimeyafupisha, maana mengine yalikuwa barua nzima.

Nilipasua punje changa ya alizeti nikakuta majimaji meupe tu. Mafuta huingia lini, na hutoka wapi? Mizizini?

Hayaingii. Kinachoingia ni sukari. Majani huitengeneza, nayo husafiri kwenye mirija ya shina ikiwa imeyeyuka majini, ileile sukrosi tuijuayo mezani. Punje yenyewe ndiyo huigeuza kuwa mafuta. Siku za mwanzo baada ya uchavushaji punje hushughulika zaidi na ganda. Mafuta hushika kasi kuanzia wiki ya pili au ya tatu.

Unaweza kujionea. Vijiua vya alizeti hufunguka kuanzia ukingoni kuelekea katikati, kwa hiyo kichwa kimoja kina punje za umri tofauti. Chukua moja ya ukingoni na moja ya katikati, zimenye, kisha zibinye juu ya karatasi nyeupe. Acha karatasi ikauke. Doa la ile changa hufifia kama maji yoyote. La ile kubwa hubaki, linang'aa ukiliinua kwenye mwanga.

Tunaambiwa kazi hiyo ni ya vimeng'enya. Kipi ni mkubwa wao?

Vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia ndani ya seli, ni vingi, na hupokezana kazi. Sukari kwanza hukatwakatwa hadi pairuveti, molekuli yenye kaboni 3. Ndani ya plastidi, vyumba vidogo vilivyomo katika seli, kaboni moja hutoka kama hewa ya kaboni dayoksaidi na kubaki 2. Kipande hicho huitwa asetili-CoA. Mlango unaofuata una bawabu: asetili-CoA kaboksilesi. Hukipachika kipande hicho kaboni moja ili kiwe tayari kuunganishwa, na hakifanyi hivyo bure. Hutumia nishati, tena hakiwezi kazi bila biotini, vitamini ya kundi B. Kikizembea, wote walio nyuma yake hukaa bila kazi. Nikilazimishwa kumtaja mkubwa, nitakitaja hiki.

Kisha huanza ufumaji. Kila raundi mnyororo wa kaboni huongezeka kaboni 2. Raundi ya kwanza husimamiwa na kimeng'enya KAS III, sita zinazofuata na KAS I mpaka kaboni 16, na ya nane na KAS II: kaboni 18. Hiyo ni asidi ya steariki, ngumu kama nta, huyeyuka kwenye nyuzi karibu 70 za Selsiasi. Lakini kabla haijaachiwa, kimeng'enya kingine, desatyurezi, hunyofoa haidrojeni 2 kati ya kaboni ya 9 na ya 10, na mnyororo hupinda. Sasa ni asidi ya oleiki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 13 hivi. Haidrojeni mbili tu! Hapo ndipo alizeti inapopata mafuta ya maji badala ya kipande cha mshumaa.

Minyororo hiyo hutolewa nje ya plastidi na kufungwa mitatu mitatu kwenye molekuli ndogo iitwayo gliseroli. Wa tatu hufungwa hasa na kimeng'enya DGAT, na tone la mafuta huvikwa protini ziitwazo oleosini ili lisigandamane na jirani yake.

Mbegu ni zilezile, lakini mafuta ya msimu wa baridi hayafanani na ya msimu wa joto. Tunaibiwa?

Hamuibiwi. Ni kazi ya kimeng'enya kiitwacho FAD2, ambacho huchukua oleiki na kuitia mpindo wa pili, ikawa linoleiki. FAD2 hakipendi joto: huharibika upesi, na tena huhitaji oksijeni. Punje ya alizeti imefungwa ndani ya ganda, hewa humo ni ya kugombania. Kukiwa na joto, seli hupumua kwa kasi na kuimaliza oksijeni. Kukiwa na baridi, hubaki ya kutosha. Ndiyo maana alizeti ya kawaida iliyojaza punje kwenye baridi hutoa linoleiki nyingi, na ya joto hutoa oleiki nyingi zaidi. Angalieni hasa joto la usiku wakati punje zinajaa. Ndilo lenye sauti kubwa kuliko la mchana.

Alizeti ya "oleiki nyingi" imetiwa jeni za kiumbe kingine?

Hapana. Katika Umoja wa Kisovyeti, mtafiti Soldatov alizitibu mbegu kwa kemikali ya kubadili jeni, na mwaka 1976 akatangaza aina iitwayo Pervenets, neno la Kirusi lenye maana ya kifungua mimba. Ndani yake sehemu ya jeni ya FAD2 imejirudia, na kujirudia huko, badala ya kuipa nguvu, kumeinyamazisha kwenye punje. Oleiki haina wa kuigeuza, inajaa. Aina nyingi za leo zenye oleiki zaidi ya asilimia 80 zina damu ya Pervenets.

Nikinyunyizia vimeng'enya majanini, mafuta yataongezeka?

Hapana, weka pesa yako mfukoni. Vimeng'enya hivi hutengenezwa na kufanya kazi ndani ya seli za punje. Kinachosaidia ni majani yenye afya wakati wa kujaza punje, kwani gramu moja ya mafuta hudai takriban gramu 3 za sukari.

Mbona mafuta niliyokamua kutoka mbegu zilizolundikwa zikiwa na unyevu yana ukali kooni?

Hapo umekutana na kimeng'enya cha upande wa pili, lipesi. Kazi yake halali ni kuvunja mafuta mbegu inapoota, ili mche upate chakula. Mbegu yenye unyevu, hasa ikiwa imepondeka au imeshika ukungu, huianza kazi hiyo ghalani, na asidi za mafuta zilizoachiwa ndizo chanzo cha kuharibika huko. Kausha mbegu hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 9 kabla ya kuzirundika, na zilizopondeka zikamue kwanza.