Sitini au Tisini?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Nauza vipuri vya magari Kirinyaga Road, hapa Nairobi. Juzi fundi mmoja wa Machakos aliagiza plagi sitini kwa simu, nikamfungia tisini. Si mara ya kwanza. Mteja akiwa hapa kaunta sikosei hata siku moja. Bosi anasema nikazibuliwe masikio. Je, nina tatizo? – Dada wa Vipuri

JIBU: Sijambo, dada. Kama ana kwa ana unasikia sawasawa, bosi aache masikio yako, aishuku simu.

Hebu tamka maneno hayo polepole. Irabu ni i, i, i kotekote. S na t tu ndizo zimebadilishana nafasi. Sasa, sehemu kubwa ya nguvu ya s iko juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde, na laini ya simu ya kawaida hupitisha kuanzia 300 hadi 3,400 hivi. Irabu zinapita salama. S inakufikia mabaki.

Nilijirekodi ofisini kwa Praat, programu ya bure ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo sisi wa fonetiki akustika, yaani tunaopima mawimbi ya sauti za usemi, tunaitumia kuchora sauti. S ilitokea kama ukungu mweusi sehemu ya juu ya picha, kwenye mitetemo mingi. T ilikuwa pengo jeupe, pale ulimi ulipoziba hewa, kisha mstari mwembamba ulipoachia. Nikakata kila kilichozidi 3,400: ukungu ukafifia karibu wote, pengo likabaki. Basi sikio lako linategemea kijipengo hicho, na matatu ikipiga honi hapo nje, nacho kinajaa kelele.

Kwa kawaida irabu ingekuokoa, maana konsonanti huipinda kidogo irabu iliyo jirani kulingana na mahali inapotamkiwa. Lakini s na t zote ni za ufizi, kwa hiyo mpindo wao unakaribiana mno. Ingekuwa s na b, usingeniandikia.

Usimwambie fundi arudie “sita sifuri” au “tisa sifuri”. Ni s na t zilezile. Muulize: “Hamsini na kumi, ama mia kasoro kumi?” Atacheka, lakini mtaelewana. Simu za intaneti nazo mara nyingi hupitisha mitetemo hadi 7,000 na zaidi, kwa hiyo s husikika vizuri. Hata hivyo, oda ya plagi nyingi hivyo mwambie aitume kwa meseji kabla hujafunga boksi.