Usichague kombi kwa kukimbia somo, angalia kwanza kozi inataka nini

Juzi mtoto wa jirani yetu hapa Kirumba, Mwanza, kanifuata na selfomu yake, ile fomu ya form four ya kuchagua kombi, anataka kuwa daktari ila fizikia inamtisha, akaniuliza dada nikijaza CBG, yaani kombi ya kemia, bayolojia na jiografia za form five na six, si bado nitasoma kemia na bayolojia, kwa hiyo udaktari upo tu? Nilinyamaza kidogo maana hilo swali ndo lilinila miaka miwili ya maisha yangu.

Mimi nilikuwa na C ya fizikia form four, nikaichukia, nikachagua CBG. Nikajiambia madaktari wanatibu watu, mambo ya mwendo na umeme yanahusiana nini. Hakuna aliyenikatalia, shuleni walisema tu kombi ni nzuri, nyumbani mama anauza dagaa pale Mwaloni, yeye alichojua ni kwamba mwanae anasoma sayansi. Na mimi nilikua naliona jengo la hospitali ya Bugando kule juu kilimani kila nikienda mjini, nilishajiona na koti jeupe.

Matokeo yakatoka mwezi wa saba. Kemia C, bayolojia B, jiografia B. Divisheni wani ya pointi 7! Mama alipigiwa vigelegele sokoni, watu wakaleta sato, tukala, tukacheza. Wiki mbili baadae naomba chuo, udaktari unagoma. Kozi ya MD, ndo hiyo ya udaktari, inataka prinsipo tatu, yaani kufaulu kwa A mpaka E, za fizikia, kemia na bayolojia, basi. B yangu ya jiografia pale haikuwa na kazi yoyote. Nililia mpaka homa ikanipanda aisee.

Sasa wadogo zangu, hapa ndo wengi mnachanganya. Kuna pointi za divisheni na kuna pointi za kuingia chuo, na zinahesabiwa kinyume kabisa. Kwenye divisheni A ni 1, B ni 2, C ni 3, unashuka hivyo mpaka F ni 7, masomo matatu ya kombi yanajumlishwa, ukiwa na 3 mpaka 9 ni wani. TCU, ile tume ya vyuo vikuu, wao A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Na kiwango cha chini cha digrii kwa aliyetoka form six ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4 kwenye masomo mawili YANAYOTAKIWA na kozi husika, sio mawili yoyote uliyofaulu vizuri. Neno yanayotakiwa lisome mara tatu. Mtu anaweza kuwa na wani akakosa kozi, mwenzake ana tuu akaipata, sababu masomo yake ndo yenyewe.

Kwa hiyo panga kwa kurudi nyuma. Anza na kozi, tena andika tatu sio moja, ingia tovuti ya TCU shusha mwongozo wa udahili wa wanaotoka form six, ni bure, tafuta hizo kozi chuo kwa chuo maana jina la kozi linaweza kufanana masharti yakatofautiana. Angalia masomo, angalia alama ya chini kwa kila somo, angalia pia yale maneno madogo pembeni, mfano kozi nyingine kama hukusoma hisabati ya advansi zinadai angalau S ya BAM, ile hesabu ndogo ya form six, au C ya hesabu ya form four. Wengi wanaidharau BAM wakidhani ni ya kupitisha muda, jamani msiidharau. Ukishamaliza hapo ndo uchague kombi. Na siku hizi ziko nyingi, serikali ilitangaza tahasusi 65 mwaka 2024, zamani tulikuwa na 16 tu, so kubahatisha ni hatari zaidi kuliko enzi zetu.

Kama umeshakosea kama mimi, njia ipo ila ni ndefu. Nilijisajili mtihani wa fizikia ya form six peke yake kama PC, yaani mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka wa kwanza nilisoma kienyeji, asubuhi naanika dagaa na mama, usiku nafungua daftari nimechoka, mtihani mwezi wa tano nikapata S. S sio prinsipo. Nilitaka kuacha.

Mwaka wa pili nikabadilika. Nilishusha pasti pepa zote nilizozipata kwenye tovuti ya NECTA, baraza la mitihani, pamoja na zile ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, hizo ripoti ni dhahabu, zinakuonesha swali gani watu wamefeli na wamekosea wapi. Nikaanza na mekanika na umeme, kila siku maswali matano kwa kuandika sio kwa kusoma kwa macho. Na praktiko! Mwaka wa kwanza niliipuuza kabisa. Nikaenda kuomba shule moja waniruhusu kuingia maabara jumamosi, nikalipa kidogo, nikafanya pendulamu, kupoa kwa maji ya moto na mita briji mpaka mikono ikazoea. Nikapata D. Ukijumlisha kwa hesabu ya TCU, 2 ya fizikia na 3 ya kemia na 4 ya bayolojia, 9. Leo niko mwaka wa tatu udaktari, na hiyo D naipenda kuliko B zangu zote.

PC mjue pia usajili unafungwa miezi mingi kabla ya mtihani na ukichelewa kuna faini, usisubiri matokeo ya chuo yatoke ndo ukimbilie NECTA.

Yule mtoto nilikaa nae mpaka saa tatu usiku, tukafungua mwongozo kwenye simu yangu, akasoma mwenyewe kwa sauti, fizikia kemia bayolojia. Akaniambia dada basi fizikia utanifundisha wewe. Nikamwambia njoo jumapili baada ya kanisa, ulete daftari la form three, tunaanzia pale pale ulipopotea. Selfomu bado haijarudishwa, na hata ikirudi TAMISEMI huwa wanafungua mfumo wa kubadilisha kombi baada ya matokeo ya form four, we uliyeshajaza vibaya ingia siku ya kwanza ukiwa na namba yako ya mtihani, siku ya mwisho mtandao unaelemewa.