Mbolea ya ruzuku: mgao wako uko kwenye sajili ya chifu

Jirani yako wa Mwakirunge ameshusha magunia mawili na wewe huna hata moja? Usiende kugombana na karani wa ghala. Ghala hutoa kilichoandikwa, na kiliandikwa siku ulipojisajili kwa chifu na mzee wa mtaa.

Tuelewane kwanza: hii si pesa ya kutiwa mkononi. Mpango huu wa serikali ya Kenya ulipoanza 2022, gunia la kilo 50 lililokaribia shilingi 6,500 lilishushwa hadi 3,500, na mwaka 2023 likafika 2,500. Hiyo 2,500 unalipa wewe, kwa simu. Kwa hiyo akikupigia mtu akitaka "ada kidogo" akutolee hela zako za ruzuku, kata simu.

Penye shida kubwa ni laini ya simu. Vocha, yaani idhini ya kuchukua mgao wako ghalani, huja kwa ujumbe kwenye namba iliyosajiliwa, na wazee wengi huku waliandikisha namba ya mtoto. Mtoto kaenda Saudia na laini yake, vocha inasoma huko. Nenda kwa chifu na kitambulisho, namba ibadilishwe sasa hivi, kabla mvua za masika hazijabisha hodi. Machi foleni ni ndefu na kila mtu ana haraka.

Pili, ukubwa wa shamba. Mombasa tunahesabu ploti, fomu inahesabu ekari. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama thumuni ya ekari. Mwenye ploti nne ana nusu ekari, basi aseme nusu. Ukitaja ndogo, mgao unapungua. Ukiongeza chumvi, mzee wa mtaa anaijua mipaka yako kukushinda. Na hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu, kwa hiyo angalia karani ameandika nini kabla hujaondoka. Shamba la kukodi nalo liandikishwe kwa jina lako wewe unayelima. Mwenye ardhi akiwekwa yeye, vocha ni yake.

Ghalani, kagua gunia kabla halijapanda tuktuk. Mshono uwe wa kiwandani, usiwe umerudiwa kwa uzi wa rangi nyingine, na uzito upimwe mbele yako. Mwaka 2024 mbolea isiyofaa ilinaswa ndani ya mpango huuhuu, kwa hiyo risiti na gunia tupu usivitupe: bila hivyo huna pa kulalamikia. CAN (mbolea ya kukuzia) iliyoganda donge si lazima iwe feki, hewa yetu ya bahari huilowesha. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na ukishafungua funga mdomo kabisa.

Kiasi: gunia moja la DAP (mbolea ya kupandia) kwa ekari wakati wa kupanda mahindi, yaani kilo sita hivi kwa ploti. Kizibo kimoja cha soda kwa shimo, funika kwa udongo kidogo ndipo uweke mbegu, la sivyo inaungua. CAN ni kiasi hichohicho, ila kwenye mchanga wa Kisauni na Likoni usiimwage yote mara moja, mvua moja kubwa itaizamisha chini ya mizizi. Nusu mahindi yakifika magotini, nusu kabla hayajatoa mbelewele.

Wenye ploti mojamoja, unganeni usafiri. Tuktuk ya gunia moja mpaka Mtongwe inakula sehemu nzuri ya nafuu yote.