Programu ya muziki inarudia amapiano tu? Jaribu hivi

Dada, umeuliza utapataje benga, taarab na jazi mpya ilhali simu inakuletea amapiano tu. Inakupa inachokuona ukisikiliza, basi. Kupenda wimbo hakutoshi. Fungua ukurasa wa msanii umfuate. Fuata kama 10 wa kila aina. Kwenye Spotify, orodha ya Release Radar hutengenezwa upya kila Ijumaa ikianzia kwa wasanii unaowafuata. Ijumaa kwa sababu tangu Julai 2015 hiyo ndiyo siku ambayo kampuni nyingi za muziki duniani hutoa kazi mpya. Isikilize kabla ya Ijumaa inayofuata, maana hufutwa. Wimbo ulioupenda uhamishie orodha yako.

Mpwa wako akiomba simu acheze nyimbo za watoto, washa kwanza kipindi cha faragha (Private session) cha Spotify ili nyimbo hizo zisihesabiwe kuwa zako, la sivyo wiki ijayo utaletewa katuni.

Lakini benga haingoji Ijumaa. Wasanii wengi huiweka YouTube siku yoyote, wakati mwingine kwenye chaneli ya prodyuza badala ya ya mwimbaji. Soma maelezo chini ya video, tafuta nani alirekodi, ubonyeze kengele ya chaneli yake. Prodyuza mmoja hukuletea wasanii kadhaa usiowajua.

Kwa jazi na miziki isiyo ya redio nenda Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao, tafuta kwa tagi ya aina ya muziki au ya mji, "nairobi" ikiwemo, kisha panga kwa mpya zaidi. Bando la intaneti haliliwi sana, ni sauti tu.