Akina Johnson ni akina nani?

SWALI: Naandika makala kuhusu watu mashuhuri na taasisi zenye jina la Johnson. Mhariri wangu amefuta "akina Johnson" kila mahali, na kwingine amegeuza "Johnson alitangaza" kuwa "ilitangaza". Je, yuko sahihi?

JIBU: Kwa sehemu kubwa yuko sahihi, ila katika kufuta amepitiliza.

"Akina" hukusanya watu wenye uhusiano. Ukisema "akina Juma wamefika", tunaelewa ni Juma pamoja na nduguze au wenzake alioongozana nao. Sasa, Andrew Johnson aliapishwa kuwa rais wa Marekani mwaka 1865 baada ya Lincoln kuuawa; Lyndon Johnson naye akaapishwa mwaka 1963 baada ya Kennedy kuuawa. Mikasa yao inafanana ajabu, lakini hawakuwa ukoo mmoja, na "akina Johnson" itamfanya msomaji adhani walikuwa. Andika "marais wawili wenye jina la Johnson". "Wajohnson" usithubutu, hilo linasikika kama jina la kabila. Lakini Robert, James na Edward Johnson, walioanzisha kampuni yao New Jersey mwaka 1886, walikuwa ndugu. Hao ndio akina Johnson hasa, na hapo dai neno lako lirudishwe.

Upatanisho nao hufuata kile kinachotajwa, haufuati jina. Lyndon Johnson alitangaza; kampuni ya Johnson & Johnson ilitangaza; Kituo cha Anga cha Johnson kule Houston, kilichopewa jina la Lyndon mwaka 1973, kilitangaza. Taja "kampuni" au "kituo" mara ya kwanza, kisha uache kiambishi kifanye kazi. Natamani waandishi wetu wa habari wangeutumia zaidi uwezo huu, maana silabi moja tu hutenganisha mtu, kampuni na kituo.

Kiambishi hakitakusaidia kwenye "kamusi ya Johnson". Samuel Johnson alitoa kamusi ya Kiingereza mjini London mwaka 1755. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, ndiye ambaye jina lake limeshikamana na kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya 1939, ambayo wengi wetu bado tunaifungua. Zote mbili ni kamusi, zote ni "ya Johnson". Hapo andika jina la kwanza kila mara, hata kama mhariri atalalamika kwamba unajirudia.