Kofi la mzazi: kukataza si lazima kuwe kufunga

Salaam, ndugu. Umeuliza kama sheria imkataze mzazi kumpiga mtoto hata kofi jepesi, na umekwama kwa kuwa unahofia wazazi wema wataishia gerezani.

Tazama kwanza sheria husika imeandikwaje, kwani kukataza ni jambo moja na kuadhibu ni jingine. Sweden, nchi ya kwanza kupiga marufuku kumchapa mtoto, mwaka 1979, iliweka katazo katika sheria ya wazazi na watoto bila kuliambatanishia adhabu, kisha ikachapisha maelezo hadi kwenye paketi za maziwa ili familia ziyajadili mezani. Uskoti mwaka 2020 na Wales mwaka 2022 zilipita njia nyingine: ziliondoa utetezi uliomruhusu mzazi kudai mahakamani kwamba kipigo chake kilikuwa cha kiasi.

Mimi naunga mkono katazo, na si kwa nadharia. Nilimchapa mwanangu kofi la mkono kwa kumwagia wino karatasi zangu, juma lililofuata nikamkuta akimchapa mdogo wake vilevile, kidole kimeinuliwa kama changu, akisema, "Nakufundisha." Tangu hapo nimeshindwa kutetea hoja kwamba kofi dogo halina neno, ingawa nakiri kuwa siku za uchovu mkono bado huniwasha.

Wanaosema "kiasi" waulize nani atakipima, kwa maana jirani akimzaba kofi mtu mzima, wepesi wake haumwondolei kosa.