Mtarakwa au saiprasi?

Ndugu, umeuliza kama mti ulio mpakani mwa shamba lako huko Nyandarua ni mtarakwa au saiprasi, na utapataje miche yake. Majani yatakuchanganya, yanafanana mno. Angalia matunda. Ya saiprasi ni magumu kama mbao na hupasuka yakikauka. Ya mtarakwa ni madogo, laini, yana rangi ya buluu na ungaunga unaofutika kwa kidole. Usipoyaona usikate tamaa, huenda ni mti dume, nao hauzai.

Ukipata yaliyoiva, yaponde, osha mbegu, ziloweke usiku mmoja, kisha panda kivulini kwenye udongo wa msituni wenye mchanga. Zitasuasua kuota, endelea kumwagilia. Miche michanga ina majani ya sindano yanayochoma, kwa hiyo usiing'oe ukidhani ni magugu. Ihamishie pasipotuama maji, uizungushie miiba mbuzi wasiifikie.

Nguzo za haraka zitoke kwa saiprasi. Mtarakwa hukua polepole, lakini nguzo yake mchwa hawaiwezi. Huo mkubwa nakusihi usiukate, hasa ukiwa jike: ndio benki yako ya mbegu.